Baiskeli Isiyo na Keria

Jumamosi. Mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika yenyewe, na sasa ua wetu hapa Makorora unanukia udongo. Jua bado linajishauri. Nimekaa kizingitini na kikombe cha chai ya tangawizi, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilikaa Jumamosi asubuhi bila beseni la nguo mbele yangu.

Leo mbele yangu kuna baiskeli. Imeegemea ukuta kwa sababu haina stendi. Haina madigadi, haina kengele.

Haina keria.

Jirani kapita sasa hivi na ndoo yake, kaitazama, kaniuliza nani kaniibia vitu. Nimecheka tu. Atarudi baadaye na wenzake waje waione vizuri, namjua.

Acha niandike ilivyokuwa kabla sijaanza kuipamba.

Mie nafundisha jiografia sekondari, kule Mabawa. Mwaka wa kumi na saba huu nachora milima ubaoni. Mistari ikikaribiana, nawaambia watoto, mlima ni mkali. Ikiachana, mteremko ni wa taratibu. Siku hewa ikiwa safi, kutoka dirisha la kidato cha pili unaiona Usambara yenyewe kwa mbali, buluu, imelala. Na mimi nimeipa mgongo, chaki mkononi, nachora mlima wa kubuni.

Mwaka jana tuliwapeleka wanafunzi msitu wa Amani, hukohuko Usambara. Wakati wa kushuka basi lilisimama ili injini ipoe, nikateremka kunyoosha miguu. Wakatokea watu watatu kutoka msituni, wamepanda baiskeli. Wa mwisho alikuwa mwanamke wa makamo kama mimi, kafunga mtandio wake chini ya helmeti. Njia ile ni mizizi na mawe matupu. Magurudumu yake yalikuwa yakipanda na kushuka, yakipanda na kushuka, ila yeye mwenyewe juu katulia kama yuko kwenye mkeka. Hakukuwa na kelele ila majani yaliyokuwa yakikwaruzana. Akanipungia vidole viwili, akapotea kwenye kona.

Nikabaki na chupa ya maji mkononi, mdomo wazi.

Toka siku ile nikawa mgonjwa. Naita ugonjwa kwa sababu sijui jina lingine. Kwenye kikao cha walimu nateremka mlima. Nasahihisha madaftari, nateremka mlima. Hata kwenye swala, Mungu anisamehe, nimewahi kuinuka kutoka sijda nikiwa katikati ya miti, njia laini imejaa majani, sisikii mtu akiniita. Hilo ndilo lililokuwa tamu kuliko yote, sisikii mtu akiniita.

Nilikuja kujua kwamba siri ya yule mwanamke ni shokapu. Baiskeli yake ina shokapu mbele na nyuma pia, mithili ya pikipiki, kwa hiyo jiwe linapigana na gurudumu na wewe humo kwenye ugomvi. Nina miaka arobaini na moja na kiuno changu kina maoni yake. Nikasema, hii ndiyo yangu.

Kwa mshahara wangu, sasa.

Nilianza dukani, Ngamiani. Wanazo mpya, zinang'aa, za rangi ya machungwa na kijani, springi nyuma imepakwa rangi nyekundu kama mdomo wa biharusi, na bei yenyewe inafikika. Nikainyanyua moja. Loh! Nzito kama mtungi wa gesi. Nikabonyeza kiti, ikashuka, ikarudi juu kwa kishindo, ikashuka tena, ikarudi tena. Ile si shokapu, ni kitanda cha springi. Mlimani ingenirusha mpaka Muheza mjini. Nikamshukuru muuzaji nikatoka.

Ndipo nikaenda kwa Fundi Mhina. Ana banda lake karibu na soko, anauza baiskeli za mtumba na kuzitengeneza, mtu wa maneno machache ila yote yana miba. Kwake alikuwa nazo mbili za kunifaa.

Ya kwanza nyekundu, shokapu mbele tu. Ya pili hii hapa, ya kijivu, ina mikwaruzo kila mahali, shokapu mbele na nyuma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, basi nikapiga magoti na baibui langu kwenye oili. Nikalishika gurudumu la nyuma nikalitikisa kushoto na kulia, nikisikiliza kama kuna kitu kinagonga kwenye maungio. Kimya. Nikapitisha kidole kwenye shokapu kuona kama inavuja. Kikavu. Nikabonyeza kiti. Ikashuka taratibu, ikarudi juu taratibu, mara moja, ikatulia. Kama mtu anavyovuta pumzi usingizini.

Fundi Mhina akanitazama weee, akasema, "Mwalimu, chukua nyekundu. Nyepesi, haina mengi ya kuharibika, na keria inakaa. Hiyo nyingine ni baiskeli ya godoro. Hiyo ni ya mtu asiye na ndugu."

Nilicheka, lakini lilinichoma.

Kwa sababu hapa Tanga mwanamke kupanda baiskeli si habari, bibi zetu wamepanda. Habari ni kupanda baiskeli isiyoweza kumpakia mwenzio. Keria si chuma tu. Ni mahali pa gunia la mchele, pa sufuria za shughuli, pa mtoto wa dada aliyechelewa shule. Kwangu mimi, keria ni mahali pa Mama.

Mama yangu, Bi Hadija, hajawahi kupanda baiskeli mwenyewe. Kila Ijumaa baada ya swala nampeleka Raskazone, na baiskeli yetu ya zamani, kwa dada yake, Mama Mkubwa Zuhura, ambaye miguu yake haimtoi tena nyumbani. Hilo tunalifanya toka nilipoanza kazi. Mama anakaa upande, miguu yote kushoto, juu ya kijimto chake cha usufi alichokishona kwa kipande cha kanga na kukifunga kwenye keria kwa kamba nne. Mkono mmoja ananishika kiunoni. Mimi nauliza, "Umekaa, Mama?" Yeye anajibu, "Nimekaa. Twende." Bila hilo sitii mguu kwenye pedeli. Kisha anaanza kuongea, njia nzima, anaongea na mgongo wangu. Habari zote za ukoo nimezipata kupitia uti wa mgongo.

Bajaji hataki. Anasema zinampandisha roho.

Na hapa ndipo fundo lilipo. Kwa uwezo wangu, ya kijivu naipata kwa njia moja tu, nayo ndiyo desturi ya Fundi Mhina: unaacha yako, unaongeza kidogo. Nikichukua ya mlimani, ya keria inaondoka. Ijumaa ya Mama inaondoka nayo.

Acha niseme na hili, kwa kuwa nikiandika huwa sidanganyi. Nimechoka. Nampenda Mama na nimechoka, yote mawili, siku ileile, kwenye kilima kilekile kidogo cha njiani. Kuna Ijumaa moja nilimwambia tairi limepasuka. Halikupasuka. Nililala usingizi mzuri mpaka alasiri, nikaamka nikamkuta amekaa ukumbini na baibui lake, amevaa viatu, anasubiri kama labda limezibwa.

Sijawahi kumwambia mtu hilo.

Basi nikafanya ujinga. Nilitaka vyote. Wiki mbili zilizopita nikampeleka Mama kwa fundi, nikamwomba Fundi Mhina aijaribu keria kwenye ile ya kijivu. Akasema haitakaa, nikasema jaribu. Tukaifunga keria kwenye nguzo ya kiti kwa vipande vya tyubu, tukavuta, tukakaza, nikahamishia kijimto juu yake. Mama akasema Bismillahi, akakaa.

Ikazama. Shokapu si imeumbwa izame? Ikazama yote na Mama juu yake, keria ikalalia tairi. Nikasukuma kidogo, tairi likakiuma kijimto, kikachanika, na usufi ukatoka. Kulikuwa na upepo. Usufi ukapanda juu ya banda, mweupe, mwepesi, ukaning'inia hewani juu ya vichwa vya watu kana kwamba hauna haraka ya kwenda popote, na kwa sekunde chache, wallahi, ilikuwa jambo zuri sana kulitazama.

Kisha watu wakacheka.

Mama hakucheka. Aliinama akawa anaokota usufi, kidogo kidogo, anautia kwenye pindo la kanga yake. Nilitamani ardhi inimeze.

Fundi Mhina akanivuta pembeni. Akaniambia ana dawa. Anaweza kunichongea kipande cha mninga akakikaza pale penye shokapu, isicheze tena, na hapo keria itabeba hata gunia. Kamfanyia hivyohivyo muuza mkaa wa pale sokoni. Na msinicheke, nilikaribia kukubali! Nilikuwa tayari kununua ndoto kisha niipigie msumari.

Mtaka yote hukosa yote. Tulirudi nyumbani na baiskeli ya zamani, na kwa mara ya kwanza mgongo wangu ulikuwa kimya njia nzima.

Wiki iliyofuata nikajirudi. Nikaamua nyekundu. Shokapu ya mbele inatosha, mbona wengine wanapanda hata bila hiyo, kiuno kitazoea, na mlima Magoroto wa kule Muheza, ninaoutaka mimi, si Kilimanjaro. Mwalimu mwenzangu wa hesabu akanipongeza, akasema huo ndio uamuzi wa mtu mzima. Nikamshukuru. Moyoni nilikuwa baridi kama wali wa jana.

Nikaacha kuota. Hilo ndilo lililonitisha. Nilikuwa nakaa kwenye kikao cha walimu na ninasikia kila kinachosemwa.

Jana ikawa Ijumaa. Tukaenda Raskazone kama kawaida, Mama juu ya kijimto chake alichokitia kiraka cha kanga nyingine. Wakati wa kurudi nikamwambia tupitie kwa fundi mara moja, leo tunachukua mpya. Akasema haya.

Fundi Mhina alikuwa keshaitoa nje ile nyekundu, kaifuta, kaitia keria imara ya chuma. Akamwamkia Mama shikamoo, akamwonyesha keria kwanza kabla ya kitu kingine chochote, akaipiga kofi kuonyesha nguvu zake. "Hapa utakaa kama uko sebuleni, Mama."

Mama akaitikia marahaba, lakini hakuitazama. Alikuwa amesimama mbele ya ile ya kijivu.

Akaweka kiganja juu ya kiti, akabonyeza. Ikashuka, ikapanda. Akabonyeza tena.

"Hii ndiyo inayokuongelesha usingizini?" akaniuliza.

Sikujua kwamba naongea usingizini. Vyumba vyetu vinagawana ukuta mwembamba wa matofali, na mimi nikajidhania nina siri.

Mama akavua viatu, akavipanga pembeni kama anaingia kwa mtu. Akakusanya baibui lake. "Nishikieni," akasema.

Nikadhani nimesikia vibaya. Lakini alikwisha kushika usukani. Basi Fundi Mhina akashika upande mmoja, mimi upande mwingine, tukampandisha kitini, mwanamke wa miaka sabini na mbili, na sokoni pale watu wakaanza kugeuka. Tukamsukuma polepole. Mbele ya banda pana jiwe na kishimo cha maji machafu. Gurudumu la mbele likapanda jiwe, likashuka, la nyuma likafuata, na Mama hakutikisika.

"Ooo!" akasema. Ilikuwa sauti ya msichana. Sijawahi kuisikia nyumbani kwetu.

Tukamsukuma mpaka mwisho wa maduka. Hapo akasema tusimame. Hakushuka. Alikuwa anatazama barabara mbele yake, hana haraka, kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

"Unajua, Mwanaidi, mie mbele sijapaona," akasema. "Miaka yote hiyo. Kwenda naona maji ya bahari, kurudi naona nyumba za watu. Mbele ni mgongo wako tu."

Fundi Mhina, mtu wa miba, akainamisha kichwa akajifanya anakagua breki.

"Na huo mgongo umechoka, mwanangu. Naujua kuliko unavyoujua wewe. Hata siku ile ya tairi niliujua."

Nililia. Naandika hivyohivyo, sina la kulipamba. Nililia pale sokoni, mwalimu mzima, wanafunzi wangu wawili wananitazama kutoka kwa muuza miwa.

Mama akashuka, akavaa viatu vyake. Akaenda kwenye baiskeli yetu ya zamani, akaanza kufungua zile kamba nne za kijimto. Fundo kwa fundo. Zilikuwa zimekaza kwa mvua na jua, akatumia meno kwa ile ya mwisho. Nikamwambia, Mama, subiri kwanza, na Ijumaa je? Na Mama Mkubwa? Wala hakunitazama.

"Bajaji zimejaa tele," akasema. "Kijimto ninacho."

Akakitia kwapani. Akamwambia Fundi Mhina, "Mpe hiyo ya godoro." Na kwa mkono wake mwenyewe, yeye anayepandishwa roho, akasimamisha bajaji, akatandika kijimto kwenye kiti cha nyuma, akakikung'uta, akakaa juu yake. Akamkanya dereva asiwashe kwanza, kuna mtu anafuatana naye.

Sikuichukua nyekundu. Niliiacha ya zamani imeegemea banda la fundi, keria yake tupu, na sikuweza kuitazama mara mbili. Nikapanda hii. Nikaona ilivyoshuka kidogo kunipokea, kisha ikatulia. Nikaweka mguu kwenye pedeli. Na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukasema, "Umekaa, Mama?"

Nyuma yangu hakukuwa na mtu.

Kutoka ndani ya bajaji, mbele yangu, bila kugeuka, akajibu, "Nimekaa. Twende."

Nikamfuata mpaka nyumbani. Njia nzima nikaona kisogo chake kwenye kile kidirisha cha plastiki. Alikuwa amekaa wima, anatazama mbele.

Leo asubuhi keshanilalamikia kwamba yule dereva anakata kona vibaya. Namba yake ya simu keshaichukua lakini, kwa ajili ya Ijumaa ijayo. Sasa hivi namsikia jikoni anakaanga kitu, anaimba wimbo ambao hajui maneno yake yote. Binamu yake Fundi Mhina huteremsha ndizi mjini na kurudi Muheza na gari tupu, amekubali kunipakia mimi na hii ya kijivu kesho baada ya swala ya alfajiri. Nitashukia chini ya Magoroto, na huko nitaanza kupanda kwa nguvu zangu mwenyewe, mistari ikikaribiana.

Nitasimama kule juu, njia imeteremka mbele yangu, miti kimya, hakuna anayeniita. Na nitauliza tena kama amekaa. Najijua, nitauliza.

Nani atanijibu?